Siku Thelathini na Mbalamwezi Moja

Kiseke, Mwanza
Jumapili, 16 Februari 2025

Baba mkubwa Gidion,

Shikamoo. Naandika haraka kwa sababu Yakobo atapita kesho kukusanya magunia yake matupu ya dagaa, na akishaondoka sijui tena atarudi lini.

Sisi hatujambo. Winnie alikohoa wiki nzima, sasa amepona. Mwalimu wake wa darasa la nne anasema mtoto huyu anaongea kuliko anavyosoma. Kuanzia sasa nampeleka shule asubuhi na saa saba mchana namfuata, maana bodaboda wa huku hawatazami mtu. Anaulizia yule mbuzi mwenye sikio moja jeupe, kama amekwisha kuzaa. Jirani yangu Dorcas anakupa pole tena kwa msiba.

Tangu tulipomzika mama mkubwa Rozina sijaacha kujiuliza unakula nini. Mke wa Yakobo bado analeta uji? Ile dawa ya macho iko kwenye kikombe cha bati, rafu ya juu, nyuma ya chumvi. Mama mkubwa alikuwa akiiweka hapo ili usiitafute na kuiangusha.

Kazini ni kama kawaida. Sangara wapo.

Mwanao,
Truphosa Akumu


Kinesi, Rorya
Jumatano, 26 Februari 2025

Mwanangu Akumu,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 16 imenifikia tarehe 24. Usimlaumu Yakobo. Unajua mambo ya hapa: dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawaingii ziwani; wasipoingia, Yakobo hana mzigo; asipokuwa na mzigo hana safari; na asipokuwa na safari, mimi na wewe hatuna posta. Simu aliyoiacha Rozina inatetemeka mfukoni kama panzi, naisikia kwa ngozi tu, na maandishi yake ni madogo kuliko sisimizi. Kwa hiyo tuendelee na karatasi.

Mbuzi amezaa mapacha. Mwambie Winnie mmoja ni wake, ampe jina. Mke wa Yakobo analeta uji, na huwa anasema kitu nisichokisikia anapoweka bakuli. Nimeamua kwamba anasema "karibu chakula," nami humjibu "asante." Dawa niliitafuta siku tatu, nikaikuta pale uliposema.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kwa miaka tisa barua zako zimekuja na mwandiko wa mtu aliyeshika barafu siku sita mfululizo. Herufi zinayumba, mistari inapanda mlima. Rozina alikuwa akisema, "Akumu ameandika akiwa juu ya baiskeli, kwenye mawe." Barua hii imenyooka kama ya karani. Haina hata ile harufu ya klorini. Tena unamfuata Winnie shuleni saa saba, saa ambayo miaka yote hii umekuwa mezani na kisu, unakata minofu. Nilikaa mahakamani Misungwi miaka thelathini na moja nikiandika maneno ya watu waliokuwa wakificha kitu. Sitakuuliza mara mbili.

Ikiwa umeachishwa kazi, nisikilize. Mtu anayeona ameachishwa isivyo haki hupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku thelathini tangu siku alipoachishwa. Zikipita, mlango haufungwi kabisa, ila inabidi kwanza aombe kusamehewa ucheleweshaji na atoe sababu ya kila siku aliyochelewa, na hapo ndipo wengi hukatwa.

Mimi nimewahi kuwa huyo anayefunga. Mwaka mmoja wa mvua kubwa alikuja mtu aitwaye Ngosha, amesukuma baiskeli kutoka kijijini, amelowa hadi kifuani, na rufaa yake mkononi. Alikuwa amechelewa siku moja. Nilimgeuzia kalenda ya ukutani nikamwonyesha tarehe kwa kidole. Akanishukuru. Lililobaki kichwani mwangu hadi leo ni hilo, kwamba alinishukuru.

Niandikie tarehe. Mengine baadaye.

Baba yako mkubwa,
Gidion Okomo


Kiseke
Jumapili, 2 Machi 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Winnie amempa mbuzi wake jina la Mwalimu, kwa sababu nimemwambia ana kelele. Mvua imeanza, mawe ya mlima huu wetu yameoshwa yakawa meusi.

Mwandiko! Nilifikiria maneno yote ya kuandika na ya kuacha, sikufikiria mwandiko.

Ni Ijumaa tarehe 14 Februari. Nilifika getini pale kiwandani Nyakato, mlinzi akanipa karatasi. Imeandikwa utoro na udanganyifu. Sikuitwa popote wala kuulizwa neno. Niliambiwa nikabidhi kisu na aproni, nikaviacha juu ya meza ya mlinzi, nikarudi nyumbani kabla Winnie hajafika shule.

Nikueleze kisa chenyewe. Kila mkata minofu ana buti nyeupe zenye namba. Zangu ni 114. Asubuhi msimamizi wetu, Mayala, hahesabu watu, anahesabu buti zilizobaki kwenye rafu. Buti zikiwa miguuni, mtu yupo. Sasa mmoja wetu akifiwa na asiyetambuliwa na ofisi, shangazi au binamu, huwa hatuombi ruhusa kwa sababu hatupewi. Mwenzetu mmoja kati ya wale wanaosimama getini kusubiri kibarua anavaa buti zake mpaka arudi. Tunaita kuvaliana buti. Ukishavaa kofia na barakoa yanabaki macho tu, na samaki hamjui mtu. Mayala anajua. Maneno yake mwenyewe ni haya: "Aliyefiwa aende, ila buti zisilale."

Ndivyo nilivyokuja kumzika mama mkubwa. Nilipanga siku tatu, zikawa saba. Siku ya sita afisa utumishi mpya, bwana Revocatus, alipita mezani na orodha akaita, "Truphosa!" Mara tatu. Aliyevaa 114 hakugeuka, aliendelea kukata. Alipoguswa bega alitupa kisu akatoka kwa mlango wa kutolea mifupa na vichwa, hakupatikana tena.

Wenzangu wanasema niende Tume. Lakini nikienda wataniuliza mambo mawili: nani alivaa buti zangu, na kwa nini siku tatu zikawa saba. Sitajibu yote mawili.

Nimefikiri pia nije nyumbani. Shamba la mama mkubwa lipo, na shule ya hapo si mbaya. Ungesemaje?

Akumu


Kinesi
Ijumaa, 7 Machi 2025

Mwanangu Akumu,

Marahaba, na Mwalimu anakusalimu. Amekula kamba ya kuanikia nguo.

Barua yako nimeipata jana, nimeisoma mara nne. Naanza na hesabu. Ukitoka tarehe 14 Februari, siku ya thelathini inaangukia Jumapili tarehe 16 Machi. Usiitegemee Jumapili. Siku yako ya mwisho iwe Ijumaa tarehe 14.

Ukifika Tume omba fomu namba moja ya kupeleka mgogoro. Ujaze mwenyewe, kwa wino, bila haraka. Nakala moja mpelekee mwajiri, uhakikishe wametia sahihi ya kupokea, kisha uirudishe Tume pamoja na uthibitisho huo. Huhitaji wakili kwa hatua hii.

Sasa kuhusu haki yako yenyewe. Watu hudhani sheria inakataza mwajiri kumwachisha mtu. Haikatazi. Inamtaka awe na mambo mawili: sababu ya haki na utaratibu wa haki. Akikosa moja tu, amekosea. Na kazi ya kuthibitisha kwamba alikuwa navyo ni yake, si yako. Utaratibu maana yake uambiwe kosa lako kwa lugha unayoielewa, upewe muda wa kujiandaa, si chini ya saa arobaini na nane, uende na mwenzako wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi, usikilizwe, ndipo waamue. Wewe ulipewa karatasi na mlinzi. Hicho si kikao, mwanangu.

Sitakudanganya upande wa pili. Sheria inatoa siku nne za likizo ya msiba kwa mume au mke, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa pamoja. Nimepitisha kidole kwenye orodha hiyo mara mbili. Rozina hayumo. Aliyekulea tangu una miaka sita hayumo. Kwa hiyo usiende kusema ulikuwa na haki ya siku zile. Sema ukweli: ulikosa kazini, kwa njia ambayo msimamizi aliijua na kuiruhusu, na hukusikilizwa.

Kuhusu kuja nyumbani, fanya kwanza hili. Shamba halihami.

Gidion Okomo

Nyongeza, 12 Machi. Yakobo alipita mapema kuliko nilivyotarajia, nikamkosa. Mwezi sasa umekuwa mpevu, hakuna safari hadi wiki ijayo. Barua hii haitakufikia kabla ya tarehe 14. Leo nimekwenda dukani kwa Machibya akutumie ujumbe wa simu.


Kiseke
Jumapili, 23 Machi 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, lakini ujumbe wa Machibya uliitangulia. Nauandika hapa kama ulivyokuja, ili ujue anavyokutumikia:

AKUMU NENDA TUMENI KABLA YA IJUMAA KUISHA NI MIMI BABA YAKO MKUBWA KWA MKONO WA MACHIBYA SHIKAMOO PIA SUKARI IMEFIKA

Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikakaa chini.

Nilikwenda Ijumaa ileile asubuhi. Fomu niliijaza kwa wino, polepole. Kiwandani mlinzi alikataa kupokea nakala, nikasimama hapo getini hadi katibu muhtasi alipotoka kununua maandazi, akasaini akiwa na maandazi mkononi. Karatasi yao ina doa la mafuta. Tumepangiwa usuluhishi tarehe 9 Aprili.

Getini niliwakuta wanaosubiri kibarua, wamejipanga ukutani. Wengine walinisalimu, wengine walitazama viatu vyangu.

Macho yako yanaendeleaje?

Akumu


Kiseke
Jumapili, 13 Aprili 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Sijapata jibu la barua yangu ya Machi, naona ni mambo ya mwezi. Winnie amepata namba ya nane darasani. Anasema ya nane si mbaya kwa mtu anayeongea sana.

Usuluhishi umefanyika. Chumba kidogo, meza moja, msuluhishi kijana mpole. Bwana Revocatus alikuja na faili. Hakuwa mkali hata kidogo, na hilo ndilo lililonichosha. Alisema, "Dada Truphosa, sisi hatuna ugomvi na wewe. Wewe ni mkataji mzuri. Tupe jina la aliyevaa zile buti, Jumatatu uingie kazini."

Nikamwambia, "Buti mnazo. Ziulizeni."

Msuluhishi aliinamisha kichwa, nadhani alikuwa anacheka. Revocatus hakucheka. "Na kwa nini ulikaa siku saba?"

Hilo nikakataa kulijibu. Alisubiri. Nilisikia feni ya darini inavyokwaruza.

Hatukuafikiana. Msuluhishi ametoa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, na shauri linakwenda kwa mwamuzi. Kuna wakati, baba mkubwa, jina lilifika hapa kwenye meno. Ningelisema tu, Jumatatu ningekuwa mezani kwangu. Na Jumatatu hiyohiyo mwenzangu angefika getini asichaguliwe, wala Jumanne, wala milele, na ana watoto watatu. Nilibandua macho kwenye uso wa Revocatus nikayaweka kwenye faili.

Niandikie, hata mistari miwili.

Akumu


Kiseke
Jumapili, 25 Mei 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Yakobo anasema uko mzima, unalima, na kwamba kila akikuuliza kama kuna barua unatikisa kichwa. Ikiwa nimekukosea, nieleze kosa, kama wewe unavyosema sheria inavyotaka.

Mwamuzi atasikiliza shauri Jumanne tarehe 22 Julai, saa tatu asubuhi.

Akumu


Kinesi
Jumapili, 8 Juni 2025

Mwanangu Akumu,

Marahaba. Mwezi unakaribia kujaa tena na Yakobo hasafiri. Barua hii nimempa Machibya, anayekwenda Mwanza kwa basi kufuata bidhaa. Ningeweza kumpa Machibya hata mwezi wa tatu. Basi zipo. Shika hilo, nitalirudia.

Hujanikosea. Ulitaka kosa lielezwe, na kosa ni langu, kwa hiyo naliandika kama nilivyokuwa nikiandika ya wengine: tarehe, mahali, tendo.

Tarehe 8 Machi, Jumamosi, Yakobo alisimama mlangoni pangu. Ilikuwa safari yake ya mwisho kabla ya mbalamwezi. Midomo yake ilisema neno ambalo hata kiziwi analijua: "Barua?" Nikatikisa kichwa. Barua ilikuwa mfukoni mwa koti nililovaa, imekunjwa, imeandikwa jina lako. Akaondoka.

Nilijua hesabu kuliko mtu yeyote wa Kinesi. Ukikosa barua utasita, ukisita siku zitapita, zikipita utafunga mizigo. Ulikuwa umeuliza, "Ungesemaje?" Hilo ndilo nililosema: njoo. Nilikuwa nimekwisha kupanga kitanda cha Winnie kiwe upande gani.

Nyongeza ya tarehe 12 ni uongo. Sikumkosa Yakobo. Siku nne nililala na kuamka na koti lile, na kila nilipotia mkono mfukoni nilimwona Ngosha, amelowa hadi kifuani, anashukuru. Yeye nilimfungia mlango kwa sababu kalenda ilinilazimisha. Wewe hakuna aliyenilazimisha. Ndipo nikaenda kwa Machibya. Mwezi haukuwa na kosa lolote.

Kuna la pili. Unakataa kumwambia yeyote kwa nini siku tatu zikawa saba, na mimi najua. Siku ya tatu jioni nilikushika mkono nikakuambia, "Kaa hadi Jumatano." Umeficha hilo ili nisiandikwe. Nimekuandikia kurasa za sheria, saa arobaini na nane, fomu, nakala, na kila ukurasa ulikuwa wa kukwepa sentensi hiyo moja. Ulipoteza kazi kwa sababu mzee aliogopa nyumba yake.

Nitakuja tarehe 22 Julai kutoa ushahidi. Sitasikia wanachouliza. Mwambie mwamuzi anaweza kuniandikia maswali kwa herufi kubwa. Nilikuwa karani, nitajibu mstari kwa mstari. Kuhusu buti, omba Mayala aitwe, umuulize yeye. Usimtaje aliyevaa.

Gidion Okomo


Kiseke
Jumapili, 27 Julai 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Najua ulikuwa umekaa mita mbili kutoka kwangu Jumanne. Lakini ulisikia nini? Kituo cha basi hakikuwa mahali pa kupiga kelele, na wewe ulikuwa na haraka ya mbuzi wako. Kwa hiyo nakuandikia kilichosemwa.

Kwanza wewe. Ulisoma maelezo yako kwa sauti ya mtu anayeita mtumbwi ulioko katikati ya ziwa. Mlinzi wa nje alifungua mlango kuona kuna nini. Mwamuzi, yule mama mwenye miwani, alimpa ishara atoke. Uliposema "nilimzuia mimi, kwa kuwa niliogopa nyumba yangu," aliacha kuandika, akakutazama, kisha akaandika.

Baadaye aliitwa Mayala. Niliruhusiwa kumuuliza. Nikamwambia, "Msimamizi, kwa miaka tisa nimefiwa mara tano. Mara zote tano umeandika 114 yupo. Buti zangu zilikuwa zinatembea zenyewe?"

Akasema, "Hapana."

"Ulijua kuna mtu ndani?"

Akamtazama Revocatus, akautazama ukuta. "Nilijua kuna mtu. Kazi ilikuwa inafanyika. Na mimi nilipofiwa na dada yangu, buti zangu hazikulala." Sijui kama bado yuko kazini leo. Alipotoka aliniambia chinichini, "Umenivua nguo, Akumu," lakini alinipa mkono.

Mwisho Revocatus alisimama akasema, "Mheshimiwa mwamuzi, mlalamikaji hadi leo hajataja nani alivaa zile buti." Mama yule akavua miwani. "Hilo ulipaswa kumuuliza Februari, mkiwa mmekaa kikao, kabla ya kumwachisha. Leo nakuuliza wewe. Kikao kilifanyika lini?" Alipekua faili lake muda mrefu. Nilihesabu mapigo ya ile feni. Hakukuwa na tarehe.

Hayo ndiyo uliyokosa. Uamuzi utatolewa Agosti.

Sasa na mimi nina yangu. Ulilosema mbele ya mwamuzi ni kweli, ulinishika mkono jioni ile. Ila mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kukaa tangu mchana. Mchana huo alikuja yule jirani wa upande wa mto, akakusemesha kwa uso mzito: "Mzee Gidion, ng'ombe wameingia kwenye mahindi yako." Wewe ukainamisha kichwa ukamwambia, "Amina."

Watu walijificha nyuma ya kanga kucheka. Mimi nilikwenda kufukuza ng'ombe, nikakaa huko shambani hadi nilipoweza kurudi. Miaka yote mama mkubwa alikuwa anasimama kushoto kwako, anakushika bega, anakurudishia maneno ya watu sikioni. Nilikuwa sijawahi kukuona bila yeye. Ndipo nilipoona siku tatu hazitoshi. Ningeyasema Tume, yangeandikwa kwenye jalada, na watu wangekusoma hivyo. Nimekuandikia wewe peke yako.

Na barua iliyolala kwenye koti, imekwisha fika. Sina la kukusamehe ambalo mimi mwenyewe sikulifanya. Ujumbe wa Machibya uliponikuta, mkoba wangu na wa Winnie ilikuwa mlangoni, imefungwa. Nilikuwa nasubiri tu tarehe 16 ipite, ili nije nikuambie kwamba siku zilinikatikia.

Akumu


Kiseke
Jumapili, 14 Septemba 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Mwezi umeanza kupungua, Yakobo amepita, kwa hiyo hii itakufikia mapema.

Mwamuzi aliamua nirudishwe kazini. Nilianza Jumatatu ya tarehe mosi. Nimepewa buti mpya, namba 31, kwa sababu 114 zilitupwa. Sasa tunahesabiwa kwa majina, mmoja mmoja, na tunavuta barakoa chini kuonyesha uso. Kuna wanaonishukuru kwa kurudi na kuna wasionisemesha, kwa kuwa mtindo wetu umekufa, na misiba haijapungua. Tumemwomba mtu wa chama atudai siku za misiba ambazo haziko kwenye orodha. Nimemwandikia jina la mama mkubwa kama mfano.

Dorcas bado anasimama getini. Wiki iliyopita alichaguliwa siku tatu. Akipita karibu na meza yangu hatuongei, ananigusa tu mgongoni kwa kiwiko.

Nimeomba likizo ya mwaka kwa maandishi, nakala ninayo, imesainiwa. Tutafika Kinesi tarehe 6 Desemba, mimi na Winnie, siku ishirini na nane. Maneno ya watu yatunze mpaka nije nikurudishie sikioni. Ukiambiwa neno usilolisikia, usiseme Amina, angalia kwanza shambani.

Nyumba hii ina watu wawili na siku nyingine naiona kubwa. Yako ina mmoja. Najua nilichoshinda, na najua kimekaa upande gani wa ziwa.

Nisamehe kwa mwandiko. Nimejaribu mara mbili kuunyoosha mstari huu, mkono unakataa.

Akumu